Namna ya Kufuatilia Asili ya Majina ya Mabondia wa Ngumi Tupu wa Enzi ya Malkia Victoria

Tarehe 9 Septemba 1845, mahali paitwapo Sutfield Green nchini Uingereza, Bendigo wa Nottingham alimshinda Ben Caunt baada ya raundi 93. Ndivyo magazeti yalivyoandika, na ndivyo habari inavyorudiwa mpaka leo. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kujua Bendigo alikuwa mwana wa nani hatapiga hatua hata moja kwa kulitafuta jina hilo katika madaftari ya ubatizo, kwa sababu mtu huyo alikuwa William Thompson. Mabondia wa zama zile walivaa majina kama mtu avaavyo nguo za baridi, moja juu ya jingine: juu kabisa lakabu ya ulingoni, chini yake jina la mkato waliloitwa na rafiki zao, chini zaidi jina la ubatizo, na mwisho jina la ukoo, ambalo lilikwisha kuwa na karne kadhaa kabla bondia mwenyewe hajazaliwa. Kazi ya kutafuta asili ni kuyavua majina hayo kwa utaratibu kuanzia la nje, bila kuruhusu maelezo ya jina moja yatumike kueleza jingine. Kosa hilo la mwisho ndilo linaloharibu makala nyingi zinazogusa mada hii.

Weka kwanza mipaka ya wakati

Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, lakini masumbwi ya ngumi tupu hayakuchukua muda wote huo. Kanuni zilizoongoza mapambano makubwa ziliandikwa mwaka 1838 na kurekebishwa mwaka 1853. Chini ya kanuni hizo raundi haikupimwa kwa saa, bali iliisha pale bondia alipoanguka, kisha wapiganaji wakapewa sekunde 30 za kupumzika na sekunde 8 za kurudi kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Ndiyo maana idadi ya raundi 93 isikutishe wala isikupumbaze. Kanuni zilizopewa jina la Markisi wa Queensberry, zilizotangazwa mwaka 1867, zilileta glavu na raundi za dakika tatu, na pambano la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kwa ngumi tupu lilipiganwa tarehe 8 Julai 1889 huko Richburg, Mississippi, ambapo John L. Sullivan alimshinda Jake Kilrain katika raundi ya 75.

Mipaka hii inahitajika kwa sababu inakuonyesha ni nyaraka zipi zipo. Mapambano haya yalikuwa kinyume cha sheria nchini Uingereza. Mahakimu waliyavunja kila walipoweza, waandaaji wakayahamishia kwenye mipaka ya kaunti, na hakukuwa na ofisi yoyote ya serikali iliyowasajili wapiganaji. Kwa hiyo bondia mmoja anaishi katika hifadhi mbili zisizojuana. Magazeti yanamjua kwa lakabu na jina la mkato, hasa gazeti la michezo la Bell's Life in London, ambalo lilichapisha changamoto za mabondia na habari za mapambano yao kwa kirefu. Serikali na kanisa, kwa upande wao, wanamjua kwa jina la ubatizo na la ukoo, kama mwashi wa matofali, mwendesha mashua au mwenye baa. Sehemu kubwa ya utafiti wako itakuwa kujenga daraja kati ya hifadhi hizo mbili.

Ivue lakabu

Lakabu ichukue kama ilivyo, kisha uulize inataja nini: mahali, mwili, tukio au tabia ya kupigana. Zinazotaja mahali ndizo zenye msaada mkubwa zaidi kwa mtafiti wa nasaba. William Perry aliitwa Tipton Slasher, yaani mfyekaji wa Tipton, na hapo hapo umeshajua kwamba rejista za kufungua ni za Tipton, katika kaunti ya Staffordshire, karibu na mwaka 1819. Ukitaka kwenda mbali zaidi, jina Tipton lenyewe hufasiriwa kuwa shamba au makazi ya mtu wa kale aliyeitwa Tibba, hivyo ndani ya lakabu ya bondia mmoja kuna jina la mtu mwingine aliyeishi kabla ya mwaka 1086, wakati kijiji hicho kilipoandikwa katika daftari kuu la ardhi la mfalme William wa Kwanza.

Mfano mzuri kuliko huo ni wa Mmarekani John C. Heenan, aliyepigana na Tom Sayers huko Farnborough tarehe 17 Aprili 1860, kila upande ukiweka dau la pauni 200, katika pambano lililodumu kwa zaidi ya saa mbili na kuisha bila mshindi. Heenan aliitwa Benicia Boy, yaani kijana wa Benicia, ingawa alizaliwa katika jimbo la New York. Benicia ni mji wa California ambako alifanya kazi katika karakana za kampuni ya meli. Mtu akiishia hapo atakuwa amejibu nusu ya swali, kwa sababu mji huo ulianzishwa mwaka 1847 na kupewa jina la Francisca Benicia Carrillo, mke wa Jenerali Mariano Vallejo. Waanzilishi walikusudia kuuita Francisca, lakini mji jirani wa Yerba Buena ulipojitwalia jina la San Francisco ikawabidi watumie jina la pili la mama huyo. Hivyo mpiganaji aliyeogopwa katika pande zote mbili za Atlantiki alibeba ulingoni jina la mke wa jenerali, na wengi waliompigia kelele hawakuwa na habari.

Lakabu za mwili na za tukio zinahitaji tahadhari ya namna nyingine. James Burke aliitwa Deaf Burke kwa sababu alikuwa kiziwi kweli. John Morrissey, mzaliwa wa Ireland aliyekuja kuwa mbunge huko Marekani, aliitwa Old Smoke, moshi mkongwe, na kisa kinachosimuliwa ni kwamba katika ugomvi mmoja aligandamizwa juu ya makaa ya moto mpaka nguo na ngozi vikafuka moshi, asikubali kushindwa. Kisa cha namna hii kiandike kama kisa, ukitaja kwamba kinasimuliwa. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa lakabu inayodai nasaba. Jem Mace wa Norfolk alijulikana kama Mjipsi wa Swaffham, na watu wakaijenga nasaba yake yote juu ya neno hilo, ilhali yeye mwenyewe alikana kuwa na damu ya Kiromani. Lakabu inaeleza walichokiona watazamaji. Haithibitishi alikozaliwa babu.

Lirudishe jina la mkato kwenye umbo lake

Hatua hii ni fupi, lakini ikirukwa, utafutaji wote unakwama. Jem ni James, Nat ni Nathaniel, Ben ni Benjamin, Bill ni William, Harry ni Henry, Jack ni John. Ned ni Edward, na asili yake inachekesha kidogo: Waingereza wa kale walisema "mine Ed", yaani Ed wangu, na ile sauti ya n ikahama kutoka mwisho wa neno la kwanza ikakaa mwanzoni mwa la pili. James na Jacob ni jina lile lile, Yakobo, lililopitia njia mbili tofauti za Kilatini. Ukifika kwenye madaftari yenyewe utakuta makarani nao walikuwa na mikato yao ya kalamu, kama vile Jas kwa James, Thos kwa Thomas, Jno kwa John na Wm kwa William, kwa hiyo tafuta kwa maumbo yote mawili kabla ya kuamua kwamba mtu hayumo.

Vuka kutoka gazetini hadi kwenye rejista

Usajili wa kiraia wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, siku kumi na moja tu baada ya Victoria kurithi kiti. Jambo hili lina matokeo ambayo wanaoanza utafiti huyasahau: karibu mabondia wote wakubwa wa enzi yake walizaliwa kabla ya tarehe hiyo. Bendigo ni wa 1811, Caunt 1815, Perry 1819, Nat Langham 1820, Sayers 1826, Mace 1831 na Tom King 1835. Hakuna hata mmoja wao mwenye cheti cha kuzaliwa cha serikali. Wote, hata hivyo, walikufa baada ya 1837, na kwa hiyo wana vyeti vya kifo. Njia iliyo salama basi ni kuanzia mwisho kurudi mwanzo: chukua cheti cha kifo, ambacho kinataja umri, kazi na mtu aliyetoa taarifa, kisha sensa, kisha ndoa, na mwisho rejista ya ubatizo ya parokia.

Katika sensa zipo hitilafu mbili za kuzijua mapema. Ya kwanza ni kwamba sensa ya tarehe 6 Juni 1841 iliwaagiza makarani washushe umri wa watu wazima hadi kwenye mafungu ya miaka mitano. Bendigo, aliyezaliwa Oktoba 1811, alikuwa na miaka 29 siku hiyo, na karani aliyefuata agizo angemwandika 25. Ukitafuta William Thompson mwenye miaka 29 utamkosa, na ukikubali kwamba 25 ni umri halisi utamtafuta katika ubatizo wa mwaka usio wake. Sensa hiyo, tena, haikutaja parokia ya kuzaliwa, bali iliuliza tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ile ile. Ndiyo maana sensa ya 1851, iliyotaja mahali penyewe, ina thamani zaidi kwa kazi hii. Hitilafu ya pili ni safu ya kazi. Usitarajie kukuta neno bondia. Ben Caunt baada ya kupata umaarufu aliendesha baa ya Coach and Horses katika mtaa wa St Martin's Lane, London, na wenzake wengi walifanya vivyo hivyo, kwa hiyo anwani ya baa iliyotajwa gazetini mara nyingi ndiyo fundo linalounganisha jina la ulingoni na mtu wa sensa.

Kwa upande wa ubatizo, angalia kama mtoto alibatizwa kabla au baada ya mwanzo wa 1813, wakati parokia zilipolazimishwa kutumia fomu zilizochapishwa zenye nafasi ya makazi na kazi ya baba. Ubatizo wa Caunt ni wa upande wa pili wa mstari huo na wa Bendigo ni wa upande wa kwanza, ambako karani angeweza kuridhika na majina ya wazazi peke yake. Kumbuka pia kwamba wengi wa watu hawa hawakuweza kuandika, na aliyeamua tahajia ya jina alikuwa karani aliyelisikia kwa sikio. Tafuta Sayers, Sayer na Sears pamoja. Katika magazeti yaliyopigwa picha na kusomwa na kompyuta, Caunt huweza kugeuka kuwa Count bila mtu kutambua.

Mtego mmoja ulinipotezea jioni nzima. Bendigo alifia Beeston mwaka 1880, na Jem Mace alizaliwa Beeston mwaka 1831, nami nikafurahia kuwakuta mabingwa wawili katika kijiji kimoja mpaka nilipofungua ramani. Beeston ya Bendigo iko Nottinghamshire, ya Mace iko Norfolk, na hazina uhusiano wowote. Daima andika jina la kaunti pembeni ya jina la mahali.

Jina la ukoo

Majina ya ukoo ya Kiingereza kwa sehemu kubwa yalitokana na vyanzo vinne: jina la baba, mahali, kazi, na lakabu ya babu wa kale, na mengi yalikwisha kuwa ya kurithiwa kufikia mwaka 1400 hivi. Langham ni jina la mahali, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa makazi marefu. Burke limetokana na de Burgh, ukoo wa Wanormandi walioingia Ireland katika karne ya 12. Sullivan ni umbo la Kiingereza la Ó Súilleabháin la Kiairishi, ambapo Ó ni mzao wa fulani na sehemu ya kwanza ya jina ina neno súil, jicho, huku wanazuoni wakibishana juu ya sehemu iliyobaki. King halimaanishi damu ya kifalme. Lilikuwa jina la utani, pengine la mtu aliyejifanya mkubwa au aliyeigiza mfalme katika michezo ya sikukuu.

Yapo majina yenye asili zaidi ya moja, na hapa kamusi ya majina haikutoshi. Perry kwa kawaida hutoka katika neno la Kiingereza cha kale la mti wa peasi, kwa maana ya mtu aliyeishi karibu na mti huo. Lakini katika sehemu zinazopakana na Wales laweza pia kuwa limetokana na ap Harry, mwana wa Harry. Mace laweza kuwa silaha, yaani rungu, na laweza kuwa mkato wa zamani wa Mathayo. Sayers lina maelezo kadhaa, likiwemo la mpasua mbao na la mpimaji wa madini. Kamusi itakuorodheshea maana zote hizo, lakini asili ya Perry huyu wa Tipton itajulikana tu kwa kuufuata ukoo wake nyuma, kizazi baada ya kizazi, na kuona ulielekea upande gani wa nchi. Rungu mkononi mwa bondia linapendeza mno, na kwa sababu hiyo hiyo mtu alitilie shaka.

Thompson ni mwana wa Tom, na ile p imeingia kwa sababu ya ulimi tu, katika kuvuka kutoka m kwenda s. Tom ni Thomas, na Thomas ni neno la Kiaramu lenye maana ya pacha. Inasimuliwa kwamba Bendigo alizaliwa mmoja wa watoto watatu wa mimba moja. Msomaji mwepesi ataruka juu kwa furaha: pacha mwana wa pacha! Lakini jina la Thompson lilikuwa la baba yake, na la maelfu ya Waingereza waliozaliwa peke yao. Bahati kama hizi ziandike pembeni ya daftari, zisiingie katika hoja.

Majina ya kujipa

Kuna mabondia ambao hata jina la ukoo walilojulikana nalo halikuwa lao. Tom Spring, bingwa wa miaka ya 1820 ambaye katika enzi ya Victoria aliendesha baa ya Castle Tavern huko Holborn mpaka kifo chake mwaka 1851, alizaliwa Thomas Winter; aliyekuwa majira ya baridi akajifanya majira ya kuchipua. Jake Kilrain alikuwa John Joseph Killion. Yankee Sullivan, mzaliwa wa Ireland aliyepigana Marekani kabla ya John L. Sullivan kuzaliwa, alitumia jina lisilo lake, na kwa hiyo mabondia hawa wawili kuitwa Sullivan hakuonyeshi udugu. Dalili ya jina la kujipa ni bondia anayejaa magazetini na asiyepatikana popote katika sensa, ndoa wala ubatizo. Ukimkuta wa namna hiyo, acha kuchambua maana ya jina lake la ukoo mpaka umepata cheti cha kifo au tanzia inayotoa majina yote mawili.

Ipime hadithi kwa kalenda

Majina ya mabondia yalishuka ulingoni yakaingia katika vitu vingine, na hapo ndipo hadithi huzidi ushahidi. Kengele kubwa ya saa ya Bunge la Uingereza, Big Ben, husemwa na wengine kuwa imeitwa kwa heshima ya Ben Caunt, aliyekuwa pandikizi la mtu na ambaye katika pambano lake la mwisho, Septemba 1857, alitoka sare na Nat Langham baada ya raundi 60. Weka tarehe mezani. Kengele ya kwanza ilimiminwa Agosti 1856, ikapasuka katika majaribio, na ya pili, yenye tani 13.7, ikamiminwa Whitechapel mwaka 1858. Lakini gazeti la The Times lilikwisha kulitaja jina Big Ben mnamo Oktoba 1856, likilihusisha na Sir Benjamin Hall, kamishna wa majengo ya serikali. Pambano la 1857 haliwezi kuzaa jina lililochapishwa mwaka uliotangulia. Mtetezi wa Caunt anaweza bado kusema kwamba bondia alikuwa mashuhuri tangu zamani, na hilo ni kweli, ila itambidi alete maandishi ya kabla ya Oktoba 1856. Kwa maoni yangu Hall anashinda.

Bendigo ni kinyume chake, hadithi isiyoaminika ambayo inasimama vizuri. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lakabu hiyo ni Abednego iliyolainishwa na ulimi wa Nottingham, kutoka kwa vijana watatu wa Kitabu cha Danieli, Shadraka, Meshaki na Abednego, waliofananishwa na wale watoto watatu wa mzee Thompson. Maelezo mengine yanadai kwamba aliitwa hivyo kwa mtindo wake wa kuinama na kukwepa. Suala la mimba moja liangalie katika rejista za ubatizo za Nottingham za mwaka 1811; suala la jina liangalie katika magazeti ya miaka ya 1830, ukinakili kila tahajia uliyoikuta pamoja na tarehe yake, kwa kuwa maumbo yaliyo karibu na Abednego yakitangulia yale mafupi, shauri la kuinama linadhoofika.

Kisha fuata safari ya jina. Huko Australia, katika koloni la Victoria, mchungaji mmoja wa kondoo aliyekuwa mwepesi wa ngumi alibandikwa jina la bingwa huyo, na kijito alichokaa kando yake kikaitwa Bendigo Creek. Mwaka 1851 dhahabu ilionekana katika kijito hicho, watu wakamiminika, na mji ulioinuka ukapewa rasmi jina la Sandhurst, ambalo wachimbaji hawakulizoea kamwe. Mwaka 1891, miaka kumi na moja baada ya bondia kufa, wakazi walipiga kura na jina la Bendigo likarudi. Na Abednego lenyewe ni jina la Babeli, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa mtumishi wa Nebo, mungu wa uandishi. Kijana aliyelipewa alikuwa Myahudi aliyeitwa kwao Azaria, naye pia alibadilishiwa jina na watu wengine.